Printa Inayovuta Karatasi Mbili

Buruburu, Nairobi
Ijumaa mchana

Kwako Baba mpendwa,

Nisamehe kwanza, ndipo nikuamkie. Tangu mwanangu Mghoi alipoanza kukaa mpaka sasa anatembea akishika ukuta, sijakuandikia hata mstari mmoja. Si kwamba nilikosa karatasi. Nashinda kati ya karatasi kutwa nzima. Nilikosa habari ambazo hazingekunyima usingizi, na kila nilipoanza barua ya kukudanganya kwamba mambo ni shwari, nilikwama kwenye salamu. Leo naandika ya kweli.

Shikamoo, Baba. Kifua chako kinaendeleaje na vumbi la Voi? Macho je, bado unatunga uzi kwenye sindano bila miwani ama sasa unamwita Mama? Masikio siulizi, nayajua. Nikikupigia simu unasema "eeh, eeh, vizuri" hata nikikwambia naumwa, halafu unampa Mama simu, na Mama anaanza kulia kabla sijamaliza. Ndiyo maana hii ni barua, na ni yako wewe. Mama msomee zile sehemu utakazoona zinamfaa.

Anayekuletea ni Mwalimu Zainabu, mteja wetu hapa. Shule zimefungwa, anakwenda kwao Mombasa, na nimemwelekeza cherehani yako ilipo hapo sokoni. Mpe chai na umkalishe. Ni mtu mwema mwenye mdomo mkali.

Oduor bado yuko Lodwar kwenye kazi ya barabara. Hupiga simu Jumapili. Mimi na mtoto tunakaa na wifi Auma, dada yake mkubwa, kwenye vile vyumba viwili vilivyoongezwa mbele ya nyumba ya watu. Cha nyuma tunalala sote watatu, na kuna kachoo kake. Cha mbele ndicho duka la kuchapa: kompyuta moja, mashine ya kopi, na printa. Watu wanaleta barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi, kadi za mchango wa harusi, mitihani ya shule. Kazi ipo.

Wifi mwenyewe hashindi hapa. Kila asubuhi anakwenda Gikomba anakouza mitumba ya watoto. Akitoka anavuta mlango wa vyuma, anatia kufuli kwa nje, na ufunguo anautia kwenye kipochi anachovaa kifuani. Anarudi saa kumi na moja jioni. Katikati ya hapo mimi na Mghoi tuko ndani. Wateja wananipa kazi kupitia kidirisha kilichokatwa kwenye vyuma, upana wake ni wa karatasi na kiganja; nikipitisha mkono nalifikia kufuli, ila ufunguo sina.

Usimkasirikie upesi, Baba. Kabla sijaja aliingiliwa mchana kweupe, mlango ukiwa wazi. Vijana watatu walisema wanataka kopi. Walibeba kompyuta mbili, na mmoja alimkaba mpaka akazirai. Tangu siku hiyo mlango wazi unamtetemesha. Na mimi anasema ni mgeni wa mitaa hii ya Eastlands, siwezi kumjua mteja na mwizi. "Oduor alinikabidhi nyinyi wawili," huniambia. "Mkipatwa na jambo nitamwambia nini?" Anaamini kabisa kwamba ananilinda. Ndiyo maana nimeshindwa hata kumchukia vizuri.

Niliomba ufunguo wangu mara ya kwanza Mghoi akiwa wa miezi sita. Akasema tutaona. Mara ya pili akasema funguo zikiwa mbili, siri inakuwa ya mtaa mzima.

Sasa nikueleze mashine, maana najua hapa ndipo utavuta kiti. Printa yetu ni ile ya wino wa maji, inayonyunyiza matone madogo madogo. Watu wanadhani ugonjwa wake mkubwa ni wino. Si wino, Baba, ni karatasi. Kazi ngumu kuliko zote mle ndani ni kuokota karatasi moja, moja tu, kutoka kwenye rundo na kuipeleka mbele ikiwa imenyooka. Ni kama cherehani yako. Sindano itafanya nini kama meno ya chini hayasukumi kitambaa sawasawa? Hapa badala ya meno kuna gurudumu la mpira. Linazunguka juu ya rundo, linaikamata karatasi ya juu, linaivuta. Chini yake kuna kipande kidogo cha koki, ile ya vizibo vya chupa, kinachosukumwa na springi. Koki kazi yake ni kumzuia wa pili asimfuate wa kwanza. Lazima mpira uwe na mshiko kuliko koki, na koki iwe na mshiko kuliko karatasi kwa karatasi mwenzake. Mishiko hiyo ikikaa hivyo zinatoka moja moja kama watoto kwenye foleni ya uji. Ikivurugika kidogo tu zinatoka mbili zimekumbatiana, ama inakwama katikati imejikunja kama marinda ya sketi, na taa nyekundu inaanza kukukonyeza.

Mbele kuna kiulimi cha plastiki. Karatasi ikifika inakilaza, na hivyo ndivyo mashine inavyojua kwamba mgeni amefika. Na pale inapotokea kuna vijigurudumu vyenye ncha kama nyota, ili viguse wino mbichi kwa ncha tu visiupake. Aliyebuni alikuwa fundi wa kweli, ungempenda. Haya yote nimejifunza mwenyewe, kwa sababu fundi hawezi kuingia. Niliwahi kumwita mmoja wa hapa kwenye steji ya matatu. Akaja na mkoba wake, akatazama kufuli, akanitazama. "Mathe, sasa hii nitaitengeneza kwa macho?" Akaenda zake.

Shida ilianza mvua zilipoanza. Printa ikawa inavuta mbili mbili. Ya juu inachapwa, ya chini inatoka nyeupe. Nikawa nazichambua kwa mkono, lakini Mghoi alikuwa anaota meno, analia kutwa, na siku moja nikaibana mitihani ya darasa la tatu ya Mwalimu Zainabu bila kukagua kila ukurasa.

Baada ya siku mbili nasikia kwenye kidirisha, "Mama Mghoi! Njoo uone watoto wako walivyofaulu."

Akasukuma karatasi ndani. Ukurasa wa tatu ulikuwa mweupe, na mtoto alikuwa amechora lori juu yake, limebeba mbuzi.

"Darasa zima nusu yao wana ukurasa mtupu," akasema. "Huyu amechora lori. Nimpe ngapi?"

"Mpe zote, Mwalimu. Hata magurudumu yamekaa sawa."

Alicheka mpaka akashika vyuma. Kisha akaacha kucheka. "Sikiza. Ya kufunga shule ikitoka hivi, mkubwa atahamisha kazi. Na mimi sitakuwa na mdomo wa kukutetea."

Nikaanza kutengeneza. Nilipangusa gurudumu kwa kitambaa kibichi, likashika vizuri kwa muda mfupi, likarudia. Nikalisugua kwa msasa, likawa baya zaidi. Nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli nilichoomba kwa mteja, nikalivisha kama soksi. Sasa likavuta tatu! Najua unacheka, Baba. Nilimpa mgonjwa dawa ya jirani.

Basi nikasema labda ni koki. Nikafungua mpaka chini, nikaitoa, nikaweka springi yake juu ya kifuniko. Nilipogeuka kuchukua kitambaa, springi haikuwepo. Mghoi alikuwa amekaa sakafuni, midomo ameifunga, macho yamemtoka. Kisha akaanza kukohoa kikohozi kisicho na sauti.

Nilimlaza kifudifudi juu ya paja nikampiga mgongoni kwa kiganja, sijui mara ngapi. Ikatoka na mate, ikadunda sakafuni. Akalia, na sijawahi kufurahia kilio kama kile. Lakini nilipojitambua nilikuwa mlangoni, yeye begani, mkono wangu mmoja unavuta vyuma. Sikumbuki kutembea. Kliniki iko ng'ambo ya barabara, Baba. Naiona kutoka kwenye kidirisha, naona mpaka viatu vya watu waliokaa kwenye benchi. Ingekuwa springi haikutoka, ningempitisha mwanangu wapi? Pale panapita karatasi na kiganja.

Jioni nilimwambia wifi. Alimchukua Mghoi akamlaza kifuani, akamshika hivyo mpaka chakula kikapoa. Asubuhi akafunga kama kawaida.

Ugonjwa wenyewe niliujua kwa bahati. Mwalimu alikuja na ratiba ya mkutano wa wazazi, akaja na rimu yake mwenyewe ya karatasi, kwa kuwa alikuwa ameshaacha kuamini za kwetu. Nilishairudisha koki na springi, soksi nimeivua. Nikatia karatasi zake. Zikatoka moja moja mpaka mwisho, bila kukwama. Nikarudishia zetu, mbili mbili. Nikarudishia zake, moja moja.

"Kumbe mashine haiumwi," nikasema kwa sauti.

"Nani anaumwa?" Mwalimu akauliza.

Nikainua macho. Juu ya rafu ya karatasi kuna kamba, na kwenye kamba kuna nepi za Mghoi. Zimekuwa hapo tangu mvua zianze, mbichi zikiingia, kavu zikitoka. Kando yake ndipo jiko la mafuta lilipo, sufuria inatoa mvuke. Nikachukua karatasi yetu moja nikaiweka mezani. Kingo zake zilikuwa zinapanda na kushuka kama pindo la gauni lililoshonwa na mwanafunzi wako. Karatasi inakunywa maji ya hewani, Baba. Ikinywa inalegea, inavimba, zinagandana, na koki haina nguvu ya kuzitenganisha. Nimehangaika mwezi mzima na gurudumu lisilo na kosa, kumbe ni mimi nainywesha karatasi kwa nepi zangu. Na nepi naanika ndani kwa sababu sina njia ya kuzitoa. Kamba ya kuanikia iko nje, hatua sita kutoka mlangoni.

Sikulala vizuri siku hiyo kwa furaha. Nilijua sasa nina hoja.

Wifi alipovua viatu jioni nikamwambia, "Wifi, ugonjwa nimeupata. Ni nepi."

"Nepi zimeingia kwenye mashine?"

"Hapana. Zinakauka humu ndani. Maji yake yanakwenda wapi? Yanaingia kwenye karatasi." Nikamwonyesha karatasi ya Mwalimu na yetu, akazishika zote mbili, akazipepea sikioni. Ile kavu inalia, yetu inanong'ona. Alisikia. "Nikianika nje, duka litakauka," nikasema. "Mitihani itatoka safi. Lakini lazima niweze kutoka. Nipe ufunguo."

Akanitazama, akatabasamu. "Wewe mwanamke, umeanzia kwenye karatasi, umeishia kwenye kufuli langu. Mjanja kama ndugu yangu."

"Si ujanja, wifi. Ni hewa."

"Nimekusikia. Niachie."

Baba, nilidhani nimeshinda. Nilipika ugali mkubwa.

Asubuhi wifi akachukua rimu mbili kutoka kwenye rafu, akazifunga kwa leso, akazipakata, akatoka nazo. Akafunga mlango. Huko Gikomba alizitandaza juu ya meza ya kibanda chake, chini ya kipande cha paa kinachopitisha mwanga, zikaota jua kutwa. Jioni akazirudisha ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kabisa, zikiwa na joto kama mkate. "Tia," akaniambia. Nikatia. Moja. Moja. Moja. Wifi alipiga kigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

"Umeona?" akasema. "Limekwisha, na mlango haujafunguliwa."

Alikuwa amesikia kila nililosema, na alichookoa ni karatasi.

Tangu wakati huo ndivyo tunavyoishi. Kila jua likitoka, karatasi zinapanda bodaboda na wifi kwenda Gikomba. Mghoi anasimama kwenye vyuma anazipungia mkono. Ndilo neno lake la pili sasa, "Baibai, kaasi." La kwanza lilikuwa "maji". Mitihani ya kufunga shule ilitoka bila ukurasa mmoja mweupe, na Mwalimu alikuja kuichukua amefurahi. Akanitazama kwa vyuma.

"Karatasi naziona zinapita asubuhi, zimevaa leso kabisa," akasema. "Na wewe utaanikwa lini?"

Nilicheka. Halafu nikageuza uso, kwa sababu kicheko kilikuwa kinageuka kitu kingine, na yeye akaona. Ndipo akaniambia anasafiri, atapita Voi, kama nina barua.

Nilimwambia Oduor pia. Mtandao ulikuwa unakatika. Alisema, "Vumilia, mama watoto. Dada ana nia nzuri. Nikirudi tutakaa chini." Najua ana nia nzuri. Na springi nayo haikuwa na nia mbaya.

Sasa sikiza kwa makini, maana hapa ndipo nakujua. Usije na wajomba. Usije na hasira, usimpigie Oduor na kumtukana, usimwambie mtu mahari irudishwe. Sikuandikii ili unichukue. Wifi Auma amenilisha mwaka na nusu, alinishika mkono siku niliyojifungua, na mwanangu anampenda. Duka lile nalijua kuliko yeye sasa, na siku moja nitataka langu. Sikimbii. Ninachotaka ni mlango ninaoweza kuufungua kwa mkono wangu, mtoto akiwa mgongoni, bila kumwomba mtu. Hilo silirudii tena kwa maneno. Nimesema vya kutosha, na kila nikisema linarudi likiwa limekunjwa vizuri na kuwekwa pembeni.

Mghoi hajambo. Meno ni sita. Ana paji lako la uso, pana, na akikasirika analikunja vilevile. Mimi nimepungua lakini nakula. Mgongo unauma kidogo kwa kuinama.

Mwambie Mama zile dawa za kikohozi zilifika na zilisaidia, na asiuze kuku kwa ajili yangu. Nisalimie shangazi Mkamburi anayeuza maziwa, mwambie nilisikia amepata mjukuu na nimefurahi. Nisalimie kaka Mwakio huko kwenye mashamba ya mkonge, na umwambie aache kupanda juu ya matrela. Na yule mzee fundi viatu anayekaa kando yako, mwambie sandali alizonishonea bado ni nzima. Zitakosaje kuwa nzima, hazitembei.

Nakuombea macho yako, Baba, na mikono yako zaidi.

Ni mimi mwanao,
Wakesho, mama Mghoi

Vitu ambavyo bado nahitaji unitumie kwa Mwalimu atakaporudi:

Koki nyembamba, ya unene wa kucha, kipande cha upana wa vidole viwili. Ile unayokata gasketi itafaa.

Springi mbili za cherehani, laini, zisizidi urefu wa punje ya hindi. Zifunge ndani ya kitambaa na ukishone.

Chupa ndogo ya mafuta ya mashine, ile isiyonuka.

Chupi za mtoto, nne, za pamba. Nataka kumwachisha nepi.

Na ufunguo. Kipande cha sabuni ambacho Mwalimu amekupa usikifulie. Kifungue polepole, wifi akiwa anaoga nilikandamiza ufunguo wake humo pande zote mbili, na shina lake nimelipima kwa uzi uliofungwa hapo juu. Tengeneza mbili, kwa ile tupa unayochongea funguo za watu wa sokoni. Moja nitaivaa shingoni. Nyingine nitamwekea wifi mezani jioni hiyohiyo, na nitamwambia nilivyoipata na nani aliichonga, kwa sababu sitaki kutoka nje kama mwizi. Atapiga kelele, na nitamwacha apige. Akinyamaza nitafungua, nitoke na Mghoi mpaka kwenye kamba, nianike, nirudi ndani, nifunge mwenyewe.

Chonga meno yake polepole, Baba, wala usikadirie. Kufuli ni la zamani na mlango ni mmoja tu.